Kisutu cha Bibi: Rangi Zilizojificha Ndani ya Picha Nyeusi na Nyeupe

Kwenye kipindi kilichopita nilianza kueleza habari ya picha ya bibi yangu, nikajikwaa, mwenzangu akacheka, muda ukaisha. Niliahidi kuiandika. Basi ndiyo hii. Ni ndefu kidogo, na kama Kiswahili chako ni cha kuongea na mama jikoni tu, usiogope. Soma polepole, au msomee mama mwenyewe, huenda akakuongezea mambo.

Picha ni ndogo, haizidi kiganja. Bibi mzaa mama amekaa kwenye kiti kisicho na mgongo, kichwa kimegeuka kidogo kushoto, nyuma yake pazia lililochorwa nguzo na ngazi. Amejifunga kanga, na ya pili ameitupia mabegani. Ilipigwa kwenye studio moja ya Mji Mkongwe, Unguja, lakini nyuma hakuna muhuri, kwa hiyo jina la studio hatuna. Familia ilipoondoka Zanzibar 1964 picha ilitoka ndani ya kopo la biskuti, ikaenda Dubai, baada ya 1970 ikahamia Maskati, na mwisho ikaja Uingereza na mama ndani ya bahasha ya kaki. Nyumbani tuliiita "picha ya bibi ya nguo nyeusi". Nguo nyeusi yenye vidoa vyeupe, basi. Hakuna aliyeuliza zaidi. Na mama siku zote alikuwa akisema kwamba picha ya harusi ya mama yake haipo, ilibaki huko huko na makabati na vitanda.

Bibi alifariki miaka miwili iliyopita. Ndipo tukaanza kuuliza, kama kawaida yetu.

Nilikuwa nataka kuitumia kwenye ukurasa wa kipindi. Nikaiweka kwenye mashine ya kuskani na sikuangalia kwamba mashine iko kwenye rangi. Ikatoka ya manjano manjano, kama chai ya maziwa. Nikaifungua kwenye programu ya kuhariri picha, nikatafuta kile kijiti cha kukoleza na kupunguza rangi, nia yangu nikiburute kushoto mpaka mwisho ili rangi zote zife, ibaki nyeusi na nyeupe safi. Ilikuwa usiku, nimechoka. Nikakiburuta kulia.

Uso wa bibi ukawa rangi ya chungwa. Pazia likapata mabaka ya kijani. Na kwenye midomo, na kwenye ile kanga "nyeusi", pakatokea wekundu. Si wekundu wa picha nzima, bali wa pale tu. Nikadhani programu imeharibika. Nilikuwa nimeshaweka kidole nifute nirudi mwanzo, lakini nikapiga picha ya skrini kwanza, nikamtumia mama ili acheke.

Mama hakucheka. Aliuliza, "Mbona nguo nyekundu?"

Hapo inabidi nirudi nyuma hatua moja. Mwezi mmoja kabla ya hapo, binamu yangu wa Maskati alikuwa ameipitisha picha hiyo hiyo kwenye programu ya simu inayopaka rangi picha za zamani yenyewe. Unaipa picha, sekunde tano, inakurudishia mtu mwenye rangi zote. Ile programu ilimvisha bibi kanga ya buluu iliyoiva. Ilikuwa nzuri, sisemi uongo. Ikazunguka kwenye kundi la WhatsApp la familia, watu wakaweka mioyo, mjomba mmoja akaifanya picha yake ya wasifu. Ndani ya wiki moja watu walishaanza kusema "ile kanga ya buluu ya bibi" kama vile waliiona kwa macho. Mama yangu mwenyewe alisema anadhani anaikumbuka. Mama alizaliwa baada ya picha ile kupigwa.

Sasa tuna buluu ya simu na nyekundu ya ajali. Tukampigia mdogo wake bibi, ambaye yuko Maskati na ameshapita miaka 80. Sisi tunamwita bibi mdogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Mbona usiku huu, kuna nini?"

Nikamweleza. Kwanza hakuelewa, kwa sababu nani anampigia simu mtu mzima usiku kumuuliza rangi ya kanga ya miaka ya hamsini. Halafu akanyamaza kidogo.

"Buluu? Nani kakwambia buluu? Hicho kisutu, mwanangu. Katoka fungate, kapelekwa studio na kisutu chake. Mimi ndiye niliyemshikia mkoba."

Kwa wale waliokulia huku: kisutu ni kanga ya zamani ya harusi, na rangi zake ni tatu, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Fungate ni zile siku saba baada ya harusi. Kwa hiyo picha tuliyoambiwa maisha yetu yote kwamba haipo, ilikuwa imekaa ndani ya bahasha tunaiita picha ya nguo nyeusi. Mama aliomba simu ikatwe, akaenda chumbani.

Mimi nilibaki na swali la kitoto: nyekundu ilikwenda wapi? Kisutu nimekiona mara nyingi, na nyekundu yake inapiga kelele. Inakuwaje kwenye picha iwe nyeusi, isitofautiane hata kidogo na ile nyeusi ya kweli iliyo pembeni yake, mpaka nakshi yote imezama?

Jibu linaanza na fedha. Si ile ya kununulia vitu, ile ya bangili. Picha za kwanza zilizotangazwa hadharani, Paris mwaka 1839, zilipigwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, na karibu kila picha nyeusi na nyeupe iliyofuata ilitegemea fedha pia. Fedha ikichanganywa na iodini au bromini inapata tabia ya kubadilika ikipigwa na mwanga. Tatizo ni kwamba haioni kama unavyoona wewe. Buluu na zambarau inaziona vizuri sana. Kijani kwa taabu. Nyekundu haioni kabisa. Kwa fedha, kitu chekundu ni sawa na kitu kilichokaa gizani. Ndiyo maana picha nyingi za karne ya 19 mbingu ni nyeupe tupu kama shuka, hata kama siku ile kulikuwa na mawingu mazuri: buluu ya mbingu iliunguza bamba lote.

Mabadiliko yalikuja kwa ajali, na ajali hii naipenda. Mwaka 1873 profesa mmoja wa Berlin, Hermann Wilhelm Vogel, alikuwa anapima mabamba ya kioo ya kupigia picha, akakuta yanaona kijani kuliko inavyotakiwa. Alipofuatilia akagundua kuwa mtengenezaji alitia rangi kidogo kwenye utando wa bamba kwa sababu nyingine kabisa, kuzuia mwanga usitawanyike ndani ya kioo. Ile rangi ndiyo iliyokuwa inaifundisha fedha kuona. Vogel akaanza kujaribu rangi nyingine makusudi. Mabamba ya namna hiyo yakaitwa othokromatiki, jina la Kigiriki lenye maana ya rangi sahihi. Ni jina la majivuno, kwa sababu nyekundu bado yalikuwa hayaioni.

Mabamba yanayoona rangi zote, yaani pankromatiki, yaliingia sokoni 1906, yakitengenezwa na kampuni ya Wratten and Wainwright hapa Croydon, kusini mwa London. (Watu wa Croydon, mpo? Leo mna la kujivunia.) Ungedhani tangu hapo kila mtu angehamia huko. Wapi! Mpiga picha wa studio alikuwa na sababu nzuri ya kubaki na othokromatiki: kwa kuwa haioni nyekundu, aliweza kufanya kazi kwenye chumba cha giza akiwa amewasha taa nyekundu, anaangalia picha inavyotokea ndani ya dawa, anaitoa pale anapoona inatosha. Ukitumia pankromatiki, taa hiyo unazima. Unasafisha kwa kuhesabu dakika, mikono inapapasa gizani. Kwa mtu mwenye foleni ya wateja nje, hilo si jambo dogo. Filamu moja iliyopendwa sana duniani, Verichrome ya Kodak, ilitoka 1931 ikiwa othokromatiki, na mpaka 1956 ndipo ikabadilishwa kuwa Verichrome Pan. Bibi aliolewa kabla ya hapo.

Watu wa sinema walilijua tatizo hili mapema kuliko sisi. Midomo iliyopakwa rangi nyekundu ilitoka myeusi kwenye filamu za zamani, na macho ya buluu yalitoka meupe kama ya kipofu, kwa hiyo waigizaji walipakwa vipodozi vya rangi za ajabu ajabu ili waonekane watu wa kawaida. Filamu zilipobadilika, hata vipodozi ikabidi vibadilike. Max Factor alitoa vyake vya pankromatiki mwaka 1928. Ukiona picha ya bibi yako midomo myeusi tititi, usiseme alipenda mapambo ya kiza. Labda alipaka nyekundu ya kawaida kabisa.

Lakini kanga ni kanga. Kilichoniuma zaidi ni nyuso.

Ngozi ya binadamu yeyote, awe Mswidi au Mmakonde, inarudisha mwanga mwekundu mwingi kuliko buluu. Bamba linaloona buluu peke yake lazima limwonyeshe kila mtu mweusi kuliko alivyo. Mzungu lilimletea madoa usoni ambayo kwa macho huyaoni. Mtu wa rangi ya bibi yangu lilimla kivuli, shavu na taya vikawa kitu kimoja. Sasa fikiria studio za kwanza za Zanzibar, zile za Wagoa, Gomes na ndugu wa Coutinho, mwishoni mwa karne ya 19. Walipiga watawala, wafanyabiashara, wanawake wa mjini, wapagazi, na picha nyingi zilichapwa kuwa postikadi zikasambaa Ulaya. Mabamba mengi ya wakati ule yalikuwa na macho hayo hayo ya buluu. Mtu aliyeishika ile kadi Berlin au London aliamini anaona rangi ya watu wa Pwani. Alichokuwa anaona ni kile kidogo cha mwanga wa buluu kilichorudi kutoka kwenye ngozi zao.

Unaweza kujaribu mwenyewe, huhitaji bamba la kioo. Chukua picha yako ya rangi, ifungue kwenye programu yenye sehemu ya nyeusi na nyeupe ambayo ina vijiti vya rangi moja moja. Pandisha nyekundu na chungwa, uso wako unang'aa, ngozi inakuwa laini kama umetoka kuoga. Shusha nyekundu, pandisha buluu, utazama, na kila chunusi ya mwaka juzi itarudi kukusalimia. Picha ni ile ile, siku ile ile. Ukiiachia programu igeuze yenyewe, hesabu ya kawaida iliyorithiwa kutoka kwenye televisheni ni karibu asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya buluu. Kuna mtu alikaa akachagua namba hizo. Kwa hiyo hata "nyeusi na nyeupe" ya simu yako ni uamuzi wa mtu.

Na msidhani filamu za rangi ndizo zilituokoa. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak walikuwa wanazipelekea maabara za kusafisha picha kadi ya mfano yenye mwanamke mzungu, na kadi zenyewe zikaitwa Shirley, ili mitambo ipangwe mpaka ngozi yake itoke sawa. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameandika habari hiyo kwa kirefu. Kwa maelezo aliyopewa na watu wa Kodak wenyewe, waliosukuma filamu iboreshwe kwenye rangi za kahawia ni pamoja na watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani pichani. Chokoleti! Nitaishia hapo, maana tuna kipindi kizima juu ya jambo hilo kinakuja.

Nirudi kwenye wekundu wa ajali, kwa sababu kuna ajali nyingine ya wekundu ambayo ni kubwa kuliko yangu. Tarehe 17 Mei 1861, London, mwanafizikia James Clerk Maxwell alionyesha ukutani picha ambayo leo inahesabiwa kuwa ya kwanza ya rangi. Kitu kilichopigwa kilikuwa utepe wa kitambaa cha mirabaraba ya Kiskoti. Mpiga picha wake, Thomas Sutton, alikuwa ameupiga kupitia maji ya rangi, mara moja mekundu, mara moja ya kijani, mara moja ya buluu. Picha zote zilikuwa nyeusi na nyeupe. Zilipomulikwa ukutani kupitia rangi zile zile, moja juu ya nyingine, utepe ukatokea na rangi zake.

Umeona tatizo? Mwaka 1861 mabamba yalikuwa hayaoni nyekundu. Vogel alikuwa bado miaka 12. Ile picha ya nyekundu ilipaswa kuwa tupu, na jaribio zima kushindwa mbele za watu. Watu waliikubali picha hiyo kwa miaka 100 kamili bila kujua kwa nini ilifanikiwa, mpaka 1961 watafiti wa Kodak wakiongozwa na Ralph Evans walipolirudia jaribio. Wakakuta kwamba wekundu wa ule utepe ulikuwa unarudisha pia miale ya urujuanimno, ile miale ya jua tusiyoiona lakini inayotuunguza ngozi. Maji mekundu ya Sutton yalikuwa yanaipitisha miale hiyo, na bamba lilikuwa linaiona vizuri. Kwa hiyo kilichoandikwa mahali pa nyekundu hakikuwa nyekundu. Kilikuwa kitu kingine kilichotokea kusimama mahali pale pale.

Hiyo habari ilinitia adabu. Nilikuwa nimeshaanza kujiona mpelelezi, nasoma kijivu cha picha nasema hii nyekundu, hii kijani. Huwezi. Kijivu kimoja kinaweza kutoka kwenye rangi nyingi. Ile programu ya binamu yangu nayo haikuwa na njia ya kujua. Ilipoona nguo ya kiza ikachagua rangi ambayo nguo za kiza huwa nayo kwenye picha nyingi ilizofundishiwa. Ilikisia. Tofauti yake na mtu anayekisia ni kwamba mtu husema "nadhani".

Basi wekundu niliouona mimi ulitoka wapi, ikiwa filamu haikuuona?

Ulipakwa kwa mkono. Kabla filamu za rangi hazijawa rahisi, studio duniani kote zilikuwa na kazi hiyo: unapigwa picha nyeusi na nyeupe, unalipa nyongeza kidogo, mtu anakaa na brashi nyembamba, au kijiti chenye pamba na rangi za mafuta, anakutia wekundu kwenye mashavu, midomo na nguo. Pwani yetu ilikuwa na studio zenye majina. Unguja kuna Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Mombasa kulikuwa na N. V. Parekh. Lamu alikuwapo Omar Said Bakor, ambaye alikata picha akaziunganisha vipande vipande mpaka zikawa picha za mambo ambayo hayajawahi kutokea mbele ya kamera. Sisemi bibi alikwenda kwa yeyote kati ya hao. Nasema tu kwamba huko kwetu watu hawakuona picha kuwa kitu kitakatifu kisichoguswa. Iliguswa, ikapambwa, kama mtu anavyopambwa.

Rangi za mkono, hasa za maji, hupauka zikikaa kwenye mwanga. Ya bibi ilikuwa imepauka mpaka jicho haliioni tena. Kilichobaki ni chembe kidogo sana, ambayo mashine ya kuskani iliiona na kijiti changu nilichokiburuta vibaya kikaikuza. Ningeskani kwa kijivu kama nilivyokusudia, mpaka leo tungekuwa tunabishana juu ya buluu.

Lakini nilijuaje kwamba si takataka ya mashine? Maana ile kijani ya kwenye pazia ilikuwa takataka kweli. Picha ya simu au kompyuta ikihifadhiwa kwa njia ya kawaida, rangi huhifadhiwa kwa ufinyu kuliko mwanga na kiza, kwa hiyo ukizikoleza sana unapata mabaka na vijumba vya mraba visivyofuata kitu chochote pichani. Kijani ilikuwa hivyo. Wekundu haukuwa hivyo. Ulifuata ukingo wa mdomo, ukafuata mkunjo wa kanga, ukakwepa vidoa vyeupe kwa uangalifu mkubwa, na pale begani, mahali pamoja tu, ukavuka mstari wa kitambaa ukamwagikia kwenye shingo. Kama milimita moja hivi. Mtu alikuwa ameshika brashi, mkono ukateleza. Nimeiangalia ile milimita moja kuliko nilivyouangalia uso wa bibi.

Bila shaka mpakaji angeweza kuchagua rangi yoyote aliyoipenda yeye au iliyokuwapo mezani. Rangi ya studio peke yake si ushahidi. Lakini bibi mdogo alisema kisutu kabla sijamtajia nyekundu, na filamu ya zamani inaeleza kwa nini nyekundu na nyeusi za kisutu zilizama pamoja. Mambo matatu yakikutana, mimi naamini. Mjomba mwenye picha ya buluu bado haamini, na picha yake ya wasifu hajaibadilisha.

Ule umanjano wa chai ya maziwa nao una habari yake, nitaisema kwa ufupi. Watu wengi wakiona picha ya kahawia wanasema "sepia", na programu zote za simu zina kitufe hicho. Sepia ya asili ni wino wa dome, yule ndugu yake pweza na ngisi, Waitalia na wengine walichorea zamani. Kwenye picha ni jina la rangi tu, dome hayumo: fedha ya picha hugeuzwa makusudi kuwa mchanganyiko wa fedha na salfa, ambao ni wa kahawia na hudumu kuliko fedha tupu. Yaani sepia ya kweli ilikuwa dawa ya kuilinda picha. Lakini picha nyingi za kwenye makabati yetu ni za kahawia kwa sababu nyingine: hazikuoshwa maji ya kutosha baada ya dawa ya mwisho. Dawa hiyo wapiga picha waliipa jina la kifupi ambalo kwa Kiingereza hutamkwa "haipo", na shida yenyewe ni kwamba ipo. Inabaki ndani ya karatasi, miaka inapita, inaila fedha taratibu.

Na kama una picha za miaka ya themanini na tisini ambazo ni "nyeusi na nyeupe" lakini zina ukijani au uzambarau, usilaumu macho yako. Zamani hizo kulikuwa na filamu nyeusi na nyeupe zilizotengenezwa zisafishwe kwenye mitambo ile ile ya filamu za rangi, kama Ilford XP1 na baadaye XP2. Unapeleka dukani, saa moja picha tayari. Ila karatasi ilikuwa ya rangi, mashine imepangwa kwa filamu za rangi, na kupata kijivu kisicho na rangi yoyote kwa njia hiyo ni bahati. Mama ana picha yake ya siku za kwanza Uingereza, amevaa koti kubwa mno, anacheka, na picha nzima ina ukijani kama imepigwa chini ya bahari. Nilipotaka kuisafisha alinikataza. Anasema baridi ya mwaka ule ilikuwa na rangi hiyo.

Ya bibi tumeihifadhi mara tatu. Moja kama ilivyotoka kwenye skana, na umanjano wake wote, hiyo haiguswi. Ya pili nyeusi na nyeupe, na hapo nilitumia macho ya nyekundu zaidi, kwa hiyo uso wa bibi umefunguka, unaona mpaka vishimo vya mashavu. Ya tatu ni ile ya makosa, yenye wekundu uliokolezwa. Mama aliichagua hiyo ya tatu iwekwe ukutani, na mabaka ya kijani ya pazia na yote. Nilimwambia nitayafuta mabaka, akasema yafute lakini bega usiliguse.

Bibi mdogo naye ametumiwa nakala Maskati. Amejibu kwa sauti, sekunde arobaini hivi, nusu yake dua. Mwishoni anauliza kwa nini yeye hayumo pichani na alikuwa amesimama pale pale, hatua mbili tu, na mkoba mkononi.